Karatasi Aliyoinakili Rahab

Rahab Waithera aliuza mapazia ya mitumba katika soko la Kitale, na mtu akimpa vipimo vya dirisha lake hakulazimika kuvirudia. Rahab aliandika kila kitu. Katika chama cha akina mama cha kanisani yeye ndiye aliyekuwa mwandishi, na nyumbani yeye ndiye aliyejua ng'ombe alichanjwa lini na mahindi yalipandwa tarehe ngapi. Mumewe, Kang'ethe, aliyeendesha trekta za watu msimu wa kulima, alizoea kusema kwamba mke wake akikohoa huandika. Watu walimwamini kama wanavyoiamini saa ya ukutani. Hawamtazami sana mtu wa namna hiyo, ila wanajua yupo.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Jelimo. Huyu alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akaacha shule darasa la tano, akaolewa Kitale na kuanza kuuza maziwa. Walikutana hospitalini mwaka wa 1988, vitanda vyao vikiwa vimepakana. Rahab alikuwa amejifungua Dancan, Jelimo amejifungua Linah. Rahab alipopandwa na homa kali, Jelimo aliwanyonyesha watoto wote wawili kwa siku nne, huyu kulia na yule kushoto, huku akiwachekesha wauguzi. Tangu siku hizo waliitana Mama Dancan na Mama Linah, na nyumba ya mmoja ikawa kama chumba cha pili cha nyumba ya mwenziwe.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Rahab hakuwahi kumwambia mtu. Jelimo alipendwa. Alipendwa bila kufanya bidii yoyote. Akiingia dukani, mwenye duka alicheka kabla hajaambiwa kitu. Wanunuzi wa maziwa waliwapita wauzaji wengine wawili ili wafike kwake. Rahab alifanya kazi sawasawa, akaheshimiwa. Jelimo alifanya kazi ovyo ovyo, akapendwa. Miaka kumi na sita Rahab alilitazama jambo hilo, na alidhani kwamba amelizoea.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2004, mradi mmoja wa wakulima wa soya uliwaalika akina mama kwenye mafunzo ya siku tano kule Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Rahab na Jelimo walikwenda pamoja. Siku tatu za mwanzo walifundishwa kukamua maziwa ya soya, kusaga unga na kukaanga maharagwe yake. Siku ya nne aliingia mzee mwembamba aliyebeba sanduku la mbao, akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Wabwile wa Naitiri, mstaafu, aliyekuwa akifundisha kemia. Alifungua sanduku, akatoa vipande vyeupe vilivyofanana na sabuni iliyokunwa.

"Hii ni nta," alisema. "Imetoka kwa mafuta ya soya. Leo mtatengeneza mishumaa. Lakini mnisikize vizuri, mama. Nta haitaki haraka."

Alionyesha kazi hiyo hatua kwa hatua. Nta haikuwekwa juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu ingeweza kuwaka. Iliwekwa katika sufuria ndogo, nayo sufuria ndogo ikakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji juu ya jiko la makaa. Ilipoyeyuka ikawa kama mafuta ya kupikia. Mwalimu alitumbukiza kipimajoto, akangoja kifike nyuzi sabini na tano, kisha akaipua na kutia manukato ya mchaichai, akikoroga taratibu kama mtu anayempozea mtoto uji.

"Sasa hapa ndipo watu huharibu," alisema. "Usimimine ikiwa moto. Ngoja. Ipoe mpaka hamsini na saba. Hamsini na saba, mama, ndio umimine. Ukimimina ikiwa moto sana, juu itapasuka na kufanya mashimo."

Kisha akaeleza habari za tambi. Zilikuwa za aina tatu, zimepewa namba. Namba moja ilikuwa nyembamba, ya vikombe vidogo. Namba tatu ilikuwa nene, ya glasi pana. Utambi mwembamba ukiwekwa kwenye glasi pana utayeyusha nta ya katikati tu, utachimba kisima, na mwisho utazama ndani ya kisima hicho na kuzimika. Na kabla ya kumuuzia mtu yeyote, alisema, washa mmoja wewe mwenyewe, uuache uwake saa tatu nzima ukiutazama.

Rahab aliyaandika yote. Jelimo hakuandika, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzito na mwalimu alisema kwa kasi. "Mama Dancan ananiandikia," aliwaambia wenzake. "Yeye ndiye kichwa, mimi ni tumbo." Wakacheka.

Mshumaa wa Rahab ulitoka laini na mweupe, utambi umesimama wima katikati. Wa Jelimo ulipinda, na alikuwa ameumimina katika kopo la jemu kwa sababu glasi zilimwishia. Akauinua juu na kusema, "Huyu mtoto amefanana na baba yake!" Darasa zima likamzunguka. Mwalimu Wabwile akaushika mshumaa ule uliopinda, akacheka hadi akavua miwani. Wa Rahab ulibaki mezani. Hakuna aliyesema ni mbaya, na hakuna aliyesema ni mzuri.

Waliporudi Kitale kila mmoja alikuwa na mfuko wa nta, kipimajoto na furushi la tambi, vyote vilivyouzwa kwa wanafunzi katika ghala la mradi mjini Bungoma. Rahab alitengeneza mishumaa kumi na minne juma lile lile, yote ikafaa. Aliipanga kwenye meza yake ya mapazia. Watu waliinusa, wakaisifu, wakaenda zao.

Mwezi wa Novemba Jelimo alikuja kwake mbio, kitambaa cha kichwani kimeteleza.

"Mama Dancan, si umeskia? Kipkemboi anaoza msichana wake! Ati wanataka mishumaa arobaini ya kuweka kanisani. Wamenipatia mimi kazi!"

Kipkemboi alikuwa mzee wa kanisa lao. Wiki mbili kabla ya hapo Rahab mwenyewe alikuwa ameipeleka mishumaa yake miwili nyumbani kwa mzee huyo, akaiacha mezani pamoja na salamu kwa mtoto aliyekuwapo peke yake, naye mtoto akasahau kuzifikisha. Walipoiwasha wakaipenda, na walipoulizana nani wa kuwatengenezea mingine, mke wa Kipkemboi alisema: si yule Jelimo wa maziwa alikwenda mafunzo? Jelimo alieleza haya yote kwa furaha, hakujua ile mishumaa miwili ilikuwa ya nani.

Rahab hakumwambia. "Hongera," alisema.

"Sasa nisaidie. Ile kitu uliandika, niandikie mimi pia. Linah atanisomea."

Rahab alichukua karatasi na kalamu, akaketi mezani, daftari lake limefunguka upande wa kushoto. Jelimo alikuwa jikoni akijimiminia chai kama kawaida yake. Rahab aliandika: yeyusha kwa maji, si kwa moto. Akaandika: nyuzi sabini na tano, ipua, tia manukato. Kisha akaandika: mimina ikiwa nyuzi sabini na tano.

Kalamu iliteleza. Hilo alilishikilia baadaye kwa zaidi ya mwaka, na lilikuwa kweli. Tarakimu zilikuwa zile zile, saba na tano, tano na saba, na jicho lake lilikuwa limesoma mstari wa juu. Lakini aliliona kosa lile kabla wino haujakauka. Alilitazama. Kutoka jikoni alimsikia Jelimo akiimba. Hakulifuta.

Baada ya hapo kalamu haikuteleza tena. Kwa mkono uliotulia Rahab aliandika: glasi pana, utambi namba moja. Vikombe vidogo, namba tatu. Na ule mstari wa kuwasha mshumaa mmoja saa tatu ukiutazama hakuuandika kabisa. Karatasi ilikuwa imebaki na nafasi ya mistari sita.

Jelimo aliikunja karatasi, akaitia kifuani. "Mungu akubariki," alisema.

Siku nne baadaye alirudi na glasi moja ameifunga katika leso. Juu ya mshumaa kulikuwa na ufa, na pembeni mwa utambi tundu lililoweza kumeza kidole.

"Hebu niangalilie, Mama Dancan. Nimekosea wapi? Na hii utambi... mimi nilikuwa nafikiria mwalimu alisema ile nene ndio ya glasi. Lakini Linah amesoma karatasi mara mbili, inasema nyembamba."

Rahab aliishika glasi. Alijua kwamba mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Angeweza kusema, lete ile karatasi, nadhani niliandika kwa haraka, na mambo yangeisha kwa kicheko.

"Ni baridi ya hapa Kitale," alisema. "Mabanga kuna joto. Pasha kisu moto ulainishe juu, hakuna mtu ataona."

"Na utambi?"

"Fuata karatasi."

"Eh, basi ni mimi sikusikia vizuri," Jelimo alisema. "Kichwa changu, bana, kilibaki darasa la tano."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Mishumaa arobaini ilipangwa mbele ya madhabahu na kwenye madirisha, kila mmoja umefungwa utepe wa rangi ya maziwa. Kwa kisu cha moto Jelimo alikuwa ameifanya yote ionekane laini, na watu walipoingia walisema, tazameni kazi ya Jelimo. Iliwashwa saa tano. Rahab aliketi benchi la tatu.

Mhubiri alikuwa hajafika nusu ya mahubiri yake mshumaa wa kwanza ulipozimika. Ukatoa uzi wa moshi. Kijana mmoja aliinuka akauwasha tena, ukakataa, kwa maana utambi ulikuwa umezama kabisa ndani ya nta. Kisha wa pili, wa tatu, halafu mitano kwa pamoja kwenye dirisha la kushoto. Bibi na bwana harusi walipopiga magoti kuombewa, moshi ulikuwa unapanda pande zote, na waliokaa mbele walikuwa wakikohoa. Nyanya wa bwana harusi, mama mkongwe kutoka upande wa Kapsokwony, alisema kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza:

"Kwetu moto ukizimika mtu akiolewa ni mkosi, hatunyamazi."

Bibi harusi alianza kulia, na si kile kilio cha furaha. Jelimo alikuwa amesimama kando ya kwaya, viganja ameviweka mashavuni. Alijaribu kutabasamu, kama alivyofanya siku zote jambo likiharibika, ila safari hii hakuna aliyetabasamu naye.

Mke wa mchungaji alimwinamia Rahab. "Wewe si uko na mishumaa nyumbani?"

Nyumba ya Rahab haikuwa mbali. Alikwenda, akarudi na mishumaa kumi na miwili ndani ya kikapu. Ikawashwa mbele ya madhabahu, ikawaka mpaka mwisho wa ibada, na ikaendelea kuwaka ukumbini kwenye chakula, miali yake imesimama bila kutikisika. Watu walimpongeza. Mzee Kipkemboi alimpa mkono mbele ya wageni. Siku ile Rahab alitazamwa kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Kando ya sufuria za pilau Jelimo alimfikia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeniokoa, Mama Dancan," alisema. "Bila wewe ningejificha wapi?"

Rahab hakuweza kula siku ile. Alisema tumbo linamsumbua.

Jumatatu Jelimo alimletea nta yote iliyobaki, glasi, tambi na kipimajoto. Rahab alikataa kupokea, Jelimo akaviacha mlangoni. "Hii kazi inataka watu wenye vichwa," alisema. "Mimi nitabaki na maziwa yangu." Wala hakuishia hapo. Kila aliyemuuliza habari za mishumaa alimwelekeza kwa Rahab. Mwaka wa 2005 Rahab alipata maagizo kutoka nyumba mbili za wageni na makanisa matatu, na karibu kila mteja akianza kusema alisema, "Nimetumwa na Mama Linah."

Ni vigumu kueleza jinsi mwaka ule na miezi iliyoufuata ilivyokuwa. Kwa nje mambo yalimnyookea. Kang'ethe alimjengea kibanda cha kufanyia kazi nyuma ya nyumba. Lakini kila alipotumbukiza kipimajoto na kuiona zebaki ikishuka kuelekea hamsini na saba, alilifungua daftari na kuisoma namba ile tena. Aliacha kutumia manukato ya mchaichai, akasema wateja hawayapendi. Alianza kumpelekea Jelimo vitu: sukari kilo mbili, kitambaa, pazia zuri la sebuleni ambalo angeweza kuliuza. Jelimo alishukuru kwa moyo wote, na kila shukrani ilimrudisha Rahab nyumbani akiwa mzito zaidi kuliko alivyoondoka. Kanisani, wakati wa kutubu kimya kimya, alisema, Bwana nisamehe yote niliyotenda. Neno "yote" lilimfaa sana. Halikumlazimisha kutaja lolote.

Jambo lililomuuma kuliko mengine lilimhusu Linah. Msichana alimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka wa 2005, akapata alama nzuri za sayansi, na mwalimu wake akamshauri aombe chuo, asomee kazi ya maabara. Rahab alikuwepo Jelimo alipokuwa akimjibu binti yake.

"Hiyo ni mambo ya kupima pima, Linah. Sisi si watu wa vipimo. Uliona mimi na karatasi mkononi, tena wewe ndiye ulinisomea, na bado tuliaibisha watu. Wewe tafuta kitu cha mikono."

Linah aliinamisha kichwa. Alikuwa ameisoma karatasi ile mara mbili kwa sauti. Rahab alitazama chai yake hadi ikapoa.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2006, Rahab alikwenda Bungoma kuchukua nta. Ghalani alimkuta Mwalimu Wabwile ameketi juu ya gunia, akimsubiri karani.

"Ah, mama wa Kitale! Wewe unaendelea vizuri, nasikia. Na yule mwenzako wa kucheka? Yule wa kopo la jemu?"

"Aliacha, mwalimu. Mishumaa yake iliharibika."

"Iliharibika namna gani?"

Rahab alieleza kidogo, akitumaini karani atarudi. Ilipasuka juu. Ilizimika.

"Alimimina ikiwa nyuzi ngapi?"

Angeweza kusema hajui. "Sabini na tano," alisema.

Mzee alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati. "Na utambi alitia gani?"

"Namba moja. Kwa glasi."

"Basi ni mimi," alisema Mwalimu Wabwile. "Mke wangu ananiambia siku hizi nachanganya maneno, mimi nakataa. Kumbe ni kweli. Nitakuwa niliwasomea vibaya siku ile, wewe ukasahihisha mwenyewe kwa akili yako, na yule mama maskini akafuata makosa yangu." Akatikisa kichwa. "Walinialika tena mwezi ujao, wanawake thelathini. Heri niwaambie watafute mtu mwingine."

"Hapana, mwalimu, si wewe..." Rahab alianza.

"Mwambie nimeomba msamaha. Utamwambia?"

Karani alirudi na funguo. Rahab alichukua nta yake akatoka. Alisimama nje ya ghala jua likimpiga utosini, mfuko miguuni. Kwa zaidi ya mwaka Jelimo alikuwa amelibeba kosa lisilo lake, na bintiye naye akalibeba, na sasa mzee huyu alikuwa amejitwika kwa hiari, kwa maneno mawili matatu tu. Aliona kwamba lingeendelea hivyo. Lingekuwa likizunguka kutafuta watu wema wa kulibeba, na yeye angekuwa akilitazama likipita.

Alifika Kitale saa tisa alasiri. Hakupitia nyumbani. Jelimo alikuwa uani akisuuza mitungi ya maziwa, na Linah alikuwa akianua nguo.

"Mama Dancan! Keti, nikuwekee chai."

"Usiweke chai. Na Linah asiondoke."

Akasema akiwa amesimama. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena. Alisema kwamba mwalimu hakukosea, Jelimo hakukosea, na Linah alisoma sawasawa kile kilichoandikwa. Ni karatasi iliyokuwa na uongo.

Jelimo aliweka mtungi chini. "Ulikosea kuandika?"

"Ile ya nyuzi, kalamu iliteleza. Nikaona. Nikaiacha hivyo. Ile ya utambi niliandika nikijua."

"Ukijua."

"Ndiyo."

"Na siku nilikuja na ile glasi imepasuka? Nikakuuliza?"

"Nilijua."

"Na kanisani?"

Rahab alikaza macho kwenye mtungi.

"Nilikushika mkono," Jelimo alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hapakuwa na kicheko popote ndani yake. "Nikakwambia umeniokoa. Ukaniangalia tu."

"Walikupa kazi ya mishumaa yangu," Rahab alisema. "Ile miwili waliyoiwasha kwa Kipkemboi nilikuwa nimeipeleka mimi. Niliona wivu. Si hiyo tu, niliona wivu siku nyingi. Sina neno lingine."

"Si ungeniambia? Ungesema ni zako, mimi ningekuachia. Ningekuachia nikicheka, Mama Dancan. Ama wewe hukujua hiyo?"

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikuwa amelijua tangu alipokuwa na kalamu mkononi.

Linah alikuwa ameshika shuka moja iliyokuwa haijakauka, akiikumbatia na kulowa. "Mimi nilijiuliza mwaka mzima," alisema, "kama nilisoma vibaya."

Jelimo aliuinua mtungi wake, akamwaga maji yaliyokuwa ndani. "Nenda nyumbani," alimwambia Rahab. "Sitaki kukutusi mbele ya mtoto."

Siku ya tatu alimtumia Rahab neno kupitia kwa Linah. Halikuwa neno la msamaha. Alitaka vitu viwili: lile daftari lenyewe, na Rahab aende kwa Kipkemboi aseme kwa kinywa chake, watu wa nyumba ile wakiwa wameketi.

Rahab alimweleza Kang'ethe kwanza. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yule aliyemnyonyesha Dancan?" kisha akatoka nje, akarudi jioni. Jumapili alimsindikiza hadi lango la Kipkemboi, akamngoja barabarani.

Sebuleni walikuwa watu saba. Bibi harusi wa siku ile alikuwapo, amempakata mtoto mchanga wa majuma mawili. Rahab alisema tena yote, safari hii bila kurudi nyuma. Alipomaliza Mzee Kipkemboi alikohoa, akasema mambo ya kanisa yatazungumzwa kanisani, na kwamba uandishi wa chama atampa mtu mwingine. Mkewe alifunika uso. Ni yule binti aliyemjibu hasa.

"Kila nikikosana na mume wangu, kwao wananikumbusha mishumaa," alisema. "Nilipokawia kushika mimba, wakasema ni ile mishumaa. Nilimchukia Jelimo. Nilikataa kununua maziwa yake. Sasa nani ataenda kunisemea kwa hao watu?"

"Nitaenda," Rahab alisema.

Akaenda. Kapsokwony kulikuwa na mvua, nyanya wa bwana harusi alikuwa amekwisha kufariki, na waliobaki walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Hawakumkaribisha ndani, naye hakutarajia. Juma lililofuata alikwenda Naitiri, akamkuta Mwalimu Wabwile akipukuchua mahindi. Mzee aliposikia kwamba akili zake hazikuwa na kosa alicheka kwa faraja, halafu alipoelewa maana ya yale mengine, kicheko kilikatika. "Nilifundisha miaka thelathini na moja," alisema. "Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kunakili vizuri hivyo." Lakini alikwenda kuwafundisha wale wanawake thelathini.

Maagizo ya Rahab yalipungua, kama ilivyostahili. Nyumba za wageni zilibaki, makanisa yakaondoka. Mwezi wa Septemba Linah aliingia chuo kusomea kazi ya maabara, na Jelimo alianza tena kutengeneza mishumaa kwa kulifuata lile daftari. Ilitoka vizuri mara ya kwanza. Rahab aliiona sokoni, akainunua miwili kupitia kwa mtu mwingine, akaiwasha mezani mwake na kukaa akiitazama saa tatu nzima. Haikuzimika. Alilia, wala hakujua ni kwa furaha au kwa nini.

Hawakurudi kuwa walivyokuwa. Walisalimiana wakikutana. Rahab alijaribu mara mbili kuomba msamaha tena, na mara ya pili Jelimo alimwambia, "Ulishaomba. Sasa unataka mimi nikusaidie kujisikia vizuri, na hiyo siwezi bado." Rahab aliyatafakari maneno hayo siku nyingi, akaona ni ya haki, akaacha.

Mwaka wa 2009 mama mkwe wake Rahab alifariki. Akina mama wa kanisa walikuja kusaidia, na miongoni mwao alikuwa Jelimo, amejifunga leso kiunoni. Siku mbili alichambua mchele, akakata kabeji, akasugua sufuria kubwa kwa majivu, na waliokuwa naye jikoni walicheka hata kwenye msiba. Kwa Rahab hakukaribia. Siku ya kuondoka, wengine wakiwa wamekwisha kutoka langoni, alipita pale Rahab alipokuwa amekaa na wafiwa, akasimama kidogo.

"Pole, Rahab," alisema. "Kuna ugali nimekufunikia kule ndani. Ule, hujala tangu jana."

Akaenda. Rahab aliinuka, akaingia ndani, akala.